Masta Aliyetujazia Fomu Tororo

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, Masta alichovya kalamu katika wino, akaandika "Uganda" kwenye mstari wa makao ya mzazi wangu, akatua, kisha akaongeza "na Kenya". Naijua saa kwa sababu ile ya ukutani ilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nikiikodolea macho nikihofia posta ya Tororo, ambayo Jumamosi ilifungwa saa sita. Tuliwahi. Bahasha iliondoka siku hiyo hiyo kwa rejista, safi, bila herufi hata moja iliyofutwa. Katika maisha yangu sijaona tena fomu iliyojazwa vizuri kama ile.

Upande wa Uganda, mwalimu wa kiume huitwa masta, na wilaya yetu ilikuwa na mamasta wengi. Lakini mtu akisema Masta bila kuongeza neno, kuanzia Mulanda na Iyolwa mpaka mpakani Busia, ilieleweka ni yeye. Jina lake silitaji. Wanawe wako hai, na wao hawakunikosea.

Alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya sekondari mjini Tororo, lakini sifa yake haikutokana na hesabu. Ilitokana na fomu. Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, nchi zetu tatu zilikuwa zikishirikiana katika elimu ya juu, na kila serikali ililipia watoto wake. Nafasi zilikuwa chache mno kuliko wanafunzi waliozitaka. Wazazi wetu walijua kulima pamba, kuvua, kuchuuza samaki na mtama. Kujaza karatasi ya chuo kikuu walikuwa hawajui, na walimu wengi hawakuwa wameiona. Masta alikuwa ameiona. Kila mwaka fomu zilipofika, alifungua darasa lake siku za Jumamosi, na watu walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, kwa basi la Busia, wakakaa kwenye madawati ya watoto wakisubiri zamu. Hakuchukua senti. Ukimletea kuku, alikuuliza kama kuku huyo naye anaomba nafasi, na alipitia mitihani gani.

Namna yake ya kazi ilikuwa hivi. Rafiki yake mmoja wa kiwanda cha simenti alimpa mifuko iliyopasuka, naye aliikung'uta, akaikata vipande vya ukubwa wa fomu, akavipiga mistari kwa rula. Fomu yenyewe hukuruhusiwa kuigusa. Ulijaza kwanza karatasi ya simenti, akaisahihisha. Ukajaza ya pili, akaisahihisha. Ukajaza ya tatu. Ikiwa ya tatu haina kosa, ulikwenda kwenye ndoo kunawa mikono kwa sabuni, ukakausha, ukamwonyesha viganja. Ndipo fomu ilipotolewa kwenye sanduku lake la bati. Nyuso zetu zilikuwa za kijivu kwa vumbi la simenti. Waliotuona tukitoka pale walidhani tumetoka kujenga nyumba.

Makosa ya watu aliyajua kama mganga anavyojua magonjwa ya kijiji. La kwanza ni majina. Mtoto alibatizwa kwa jina hili, shule ikamwandika kwa lile, cheti cha mtihani kikaja na la tatu alilopewa na bibi yake. Masta alisema jina la fomu ni lile lililo kwenye cheti. Mengine waachie mbuzi. La pili ni kuchagua masomo. Kijana wa Iyolwa aliandika udaktari katika chaguo la kwanza, la pili na la tatu, akaona amefanya busara, kwa kuwa atakayesoma atajua anautaka kweli.

"Wakikunyima la kwanza, watakupa la pili?" Masta akamuuliza.

"Watanipa, Masta."

"La pili ni lipi?"

Kijana akaisoma tena karatasi yake. Masta akamsukumia karatasi nyingine ya simenti.

Mwingine alipoulizwa kazi ya baba yake aliandika "mtu mkubwa". Mwingine alileta picha aliyopigwa harusini, amevaa kofia na miwani ya kuazima, na nyuma yake jogoo anapita. Masta aliitazama muda mrefu, akauliza katika wale wawili mwombaji ni yupi. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, na mwenye picha naye akacheka, halafu akaenda kwa mpiga picha Mhindi akapigwa nyingine. Mwaka uliofuata aliingia chuoni. Leo ni mtu wa ofisi.

Alikuwa na misemo, na hatukuwa na njia ya kuisahau kwa sababu aliirudia kila Jumamosi. "Fomu husomwa na mtu mwenye njaa" ulikuwa mmoja: andika wazi ili asikutafute, kwa sababu hatakutafuta. "Mahali patupu ni jibu, tena jibu baya" ulikuwa wa pili. Lakini msemo wake mkubwa, ambao aliuweka juu ya mingine yote, ni huu: "Usijibu usichoulizwa." Wakitaka mwaka, usiwape na mwezi. Wakitaka jina la baba, usiwaeleze kwamba ameoa wake wawili. Nilimwona akimrudisha mtu mzima, mwalimu wa msingi aliyetaka kusoma zaidi, mara nne, kwa sababu kila mara aliongeza sentensi moja ya kueleza maisha yake. Mara ya tano yule mwalimu alikuja kimya, na fomu ikapita.

Sipendi kumchora kama jiwe. Alikuwa na vitu vyake. Alivaa kaptula na soksi ndefu za ukoloni hata baada ya waliotuletea mtindo huo kwenda zao. Alipenda miwa, aliitafuna akisahihisha, na makapi aliyatema katika kopo kwa adabu kabisa. Alitusema sana kuhusu magendo. Alituambia mpaka ni sheria, na anayevuka na mzigo bila kulipa ushuru ni mwizi hata kama mzigo wenyewe ni sabuni. Lakini sukari aliyotutilia katika chai ilikuwa ya Kenya, na sote tulijua aliyeivusha ni mkewe, mwanamke wa ng'ambo, ambaye shamba lake la mihogo lilikuwa upande wa Kenya na ambaye alivuka mpaka kila juma kama mtu avukaye uwanja wa jirani. Siku moja mwanafunzi wa Busia, mkorofi, alimuuliza kama sukari ile imelipiwa. Masta alikoroga chai yake.

"Hii ni ya mama," akasema. "Mimi nakunywa tu."

Tukacheka. Nikakumbuka jibu lile baadaye.

Sasa lazima nieleze nyumbani kwetu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo. Baba yangu alikuwa na nyumba Busia, upande wa Uganda, na shamba na nyumba ya pili upande wa Kenya, kwa mama mdogo. Toka mlango mmoja mpaka mwingine ilikuwa mwendo wa kumaliza sigara moja. Alilala huku, akalima kule. Chifu wa kule alimjua, na chifu wa huku, wa gombolola au tarafa yetu, alimjua, na wote wawili walimtoza kodi, kwa hiyo alikuwa na tiketi mbili za kodi, akazitunza katika chupa moja. Hakuwa mtu wa ajabu. Nusu ya Wasamia wa mpakani waliishi hivyo. Mpaka ulipita katikati ya ukoo, hakuna aliyetuuliza.

Watu wa kwetu walikuwa na desturi juu ya karatasi za serikali. Kila ulipoulizwa kwenu ni wapi, ulichagua ng'ambo moja na ile nyingine "ukailaza". Ndivyo walivyosema, kuilaza, kama unavyomlaza mtoto ili wakubwa wazungumze. Ukitaka kazi ya reli, unailaza Uganda. Ukitaka leseni ya duka Tororo, unailaza Kenya. Haikuhesabiwa uongo. Ng'ambo iliyolazwa ingeamka kesho kwa shughuli nyingine.

Baba aliuza mbuzi ili apate ada ya maombi na gharama zake. Alfajiri ile nilipokuwa natoka kwenda Tororo alinifuata mpaka kwenye basi, akaniambia kwa Kisamia, maana mambo mazito hakuyasema kwa Kiswahili, kwamba nilaze Kenya. Shule nilisomea Uganda, ofisa elimu wa wilaya yuko Tororo, kila kitu kiko huku. Nikamwambia nimesikia.

Katika karatasi tatu za simenti nililaza Kenya, na Masta hakusahihisha. Nilinawa mikono. Fomu ikatolewa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, lakini mwaka huo Masta alikuwa ameamua kuandika mwenyewe za wale aliowategemea sana, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu na jiografia. Nilitaka kusomea uhandisi wa maji. Kule kwetu wanawake walichota maji kwenye shimo moja na ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeshapima kwa kamba jinsi kina cha shimo lile kinavyopanda na kushuka na miezi. Masta aliijua kamba hiyo. Aliwahi kuwaonyesha darasa vipimo vyangu.

Akafika kwenye mstari wa makao. Aliandika "Uganda". Akatua. Akaniuliza baba analima wapi. Nikamwambia.

"Na kodi analipa wapi?"

"Kote, Masta."

Akaongeza "na Kenya". Halafu akachukua karatasi safi, akaandika maelezo ya mistari sita kuhusu nyumba mbili na tiketi mbili, akaibana nyuma ya fomu kwa pini.

Nilimwambia kwamba baba amesema nilaze upande mmoja. Nilimkumbusha pia, kwa heshima niliyoweza, kuhusu kutojibu usichoulizwa. Hakukasirika. Aliniambia kwamba hila ni za wale ambao alama zao hazitoshi. "Wewe unatosha," alisema. "Wewe nenda na ukweli wote."

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, na mtu niliyemheshimu kuliko wote aliniambia ninatosha. Nilibeba bahasha ile kwenda posta kama mtu aliyebeba yai.

Chuo kilinikubali. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu baadaye watu walisema nilishindwa. Barua ilieleza kwamba nafasi yangu ya uhandisi ipo, ila serikali ya nchi yangu ithibitishe kunilipia kabla ya muhula kufunguliwa. Nilikwenda ofisi ya elimu Tororo. Karani alifungua jalada, akasoma mistari sita ya Masta, akasema kwa upole kwamba mimi ni mtu wa Kenya, niende kwetu. Nilikwenda upande wa Kenya. Karani wa huko alisoma nakala ya mistari ile ile, akauliza nilisoma wapi, akasema basi mimi ni wa Uganda, na baba yangu analipa kodi huko, imeandikwa hapa. Nilirudi Tororo na barua ya chifu. Nikarudi Kenya na barua ya chifu mwingine. Kila barua niliyoleta ilithibitisha yale yaliyokwisha kuandikwa, na yaliyokwisha kuandikwa ndiyo yaliyokuwa yakinifungia mlango. Baba alikwenda mara moja na chupa yake ya tiketi. Akaimwaga mezani. Karani akamwambia, "Mzee, unaona mwenyewe."

Masta aliandika barua mbili za kunitetea. Zilikuwa barua nzuri.

Muhula ulifunguliwa. Nafasi yangu alipewa mwingine. Mwaka uliofuata niliomba tena, safari hii nikailaza Kenya, lakini jalada langu lilikuwa lile lile na karatasi yake ya pini ilikuwa bado ndani.

Mwezi ule ule ambao nafasi yangu ilipotea, Masta alifanya karamu ndogo ya kumuaga mwanawe wa kwanza, aliyekuwa darasa moja nami na ambaye alikuwa akienda Kampala kusomea udaktari. Nilialikwa, nikaenda. Kulikuwa na wali, na nyama, na soda za kupokezana. Mwanawe na mimi tulikuwa marafiki, na alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi husema. Tuliketi kwenye ngazi, akanipa pole kwa mkwamo wangu na ofisi mbili. Nikamuuliza yeye alivukaje mstari ule, maana mama yake ni wa ng'ambo, shamba lao liko ng'ambo, na baba yake analipa kodi ya shamba hilo. Niliwahi kuiona tiketi mezani kwao.

"Mzee aliniambia niandike Uganda, basi," akasema. "Nikamwambia, na shamba je? Akasema lile si shamba, ni bustani ya mama."

Alicheka. Nikacheka pia, kwa sababu ulikuwa mzaha wa mzee wake na mzaha ulikuwa mzuri. Nilimaliza soda yangu, nikaaga, nikatembea mpaka stendi ya basi.

Sikumwambia Masta neno. Watu wanaosoma haya labda watashangaa. Lakini ungemwambia nini? Kwamba hakuandika uongo kwenye fomu yangu? Alikuwa hajanikosea kwa namna yoyote ambayo mtu angeweza kuipeleka mbele ya wazee. Nilipata kazi ya utunzaji wa stoo ya mabomba na pampu, nikaanza kusoma vitabu vya maji peke yangu, kimoja baada ya kingine, nikianzia ukurasa wa kwanza. Nilijifunza kupima udongo, kuchagua mahali pa kisima, kukadiria maji ya mwaka. Visima vingi kati ya Busia na msitu wa Busitema nilivipima mimi, na saini iliyo kwenye ramani ni ya mtu mwingine mwenye shahada. Hiyo ni habari nyingine, na siilalamikii hapa.

Masta aliendelea na Jumamosi zake. Nilisikia kwamba baada yangu hakuandika tena "na" kwenye mstari ule. Alirudi kwenye msemo wake, akaushika, na wanafunzi wa mpakani waliopita mikononi mwake walilaza ng'ambo moja na kuingia chuoni, mmoja mmoja, na kila mmoja alimshukuru. Anastahili. Nimewahesabu kichwani wale ninaowajua, na bila yeye zaidi ya nusu wangekuwa wanauza samaki. Jambo hili ndilo linalonisumbua ninapotaka kumchukia.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa mwishoni mwa miaka ile, wakati askari wa mpakani walikuwa wameanza kutuuliza vitambulisho tukivuka na jembe begani. Nilikuwa stoo, Busia, mchana. Alishuka kwenye basi peke yake, na kaptula yake, na soksi. Mkono wa kulia ulikuwa umepooza tangu mwaka uliotangulia. Aliubeba kwa mkono wa kushoto kama kitu alichoazima. Chini ya kwapa alibana bahasha iliyofungwa kwa kitambaa cha meza.

Tulisalimiana, nikampa kiti, nikatuma chai. Akaniambia shida yake bila kuzunguka. Binti yake wa mwisho alikuwa anaomba nafasi, mkono haushiki kalamu, na katika mamasta wote waliobaki Tororo hakuna anayejua kujaza bila kufuta. Alikuwa ameniletea karatasi ya simenti, ya tatu, iliyosahihishwa. Nikaenda kunawa mikono. Nilimwonyesha viganja, naye aliviangalia.

Nilijaza taratibu. Jina kama lilivyo kwenye cheti. Chaguo tatu, tofauti. Nikafika kwenye makao ya mzazi, nikainua kalamu. Kwenye karatasi ya simenti mstari ule ulikuwa mtupu. Mtu aliyetufundisha kwamba mahali patupu ni jibu baya alikuwa ameuacha mtupu.

"Hapa niandike nini, Masta?"

"Andika upande mmoja, mwanangu."

"Upi?"

"Uganda. Mimi niko Tororo."

"Na lile shamba?"

Alitazama nje, kwenye mabomba. Akaniambia anajua ninachouliza, na kwamba alikuwa amenisubiri niulize kwa miaka mitano, na kila nilipomwamkia njiani bila kuuliza alifika nyumbani akiwa mgonjwa.

"Basi nijibu," nikasema.

"Nilikuwa nafundisha ukweli kila siku na sijui kama unapita," akasema. "Nilitaka kuona unapita. Nikatafuta mtoto hodari kuliko wote, ambaye hawawezi kumkataa. Nikasema huyu ndiye."

"Na mtoto wako?"

Chai ilikuwa imeletwa. Hakuigusa.

"Wangu sikuthubutu kumjaribia."

Nikachovya kalamu. Niliandika "Uganda". Niliweka nukta. Nikakausha wino, nikasoma fomu yote kwa sauti kama alivyotufundisha, neno kwa neno, naye akaitikia kwa kichwa kila mstari, hata ule. Hapakuwa na herufi iliyofutwa. Binti yake aliingia chuoni mwaka ule, na ninafurahi aliingia.

Aliposimama kuondoka alitoa kitambaa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akakifungua kwa meno. Aliniuliza anadaiwa nini, maana anajua muda wa mtu aliyeajiriwa si wa bure. Yeye, ambaye hakuwahi kupokea hata kuku, alidhani nitamwambia hapana, Masta, nenda tu. Watu wote waliokuwa stoo walidhani hivyo.

Nikamtajia kiasi. Ada ya maombi ambayo baba yangu alilipa, ishirini. Picha, tano. Stempu na rejista, moja na nusu. Nauli ya Tororo, kwenda na kurudi, tano. Sikumweleza kila kimoja ni cha nini, nilitaja jumla tu. Aliihesabu juu ya meza sarafu kwa sarafu, kwa mkono usiozoea, na sikumsaidia. Hakuuliza kwa nini imekuwa na senti. Alikuwa mwalimu wa hesabu, naye ndiye aliyetupangia gharama zile Jumamosi ya kwanza, ubaoni, ili wazazi wetu wajue wauze nini.

Shilingi thelathini na moja na senti hamsini.